Negativu imetoka kwenye kompyuta, picha imechapwa juani: je, hii bado ni kazi ya mkono?

Bluu ya Jua aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimepiga picha kwa kamera ya kidijitali kwa miaka saba sasa, na tangu mwaka jana najifunza sayanotaipu, yaani zile picha za bluu zinazochapwa kwa mwanga wa jua. Mbinu hii ni kongwe: aliyeibuni ni John Herschel mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha picha za mwani kilichochapwa kwa njia hiyo hiyo. Huchanganywa dawa mbili za chumvi, feri amonia sitreti na potasiamu ferisayanidi, karatasi ikapakwa kwa brashi mahali penye mwanga hafifu, ikakauka, kisha ikaanikwa juani ikiwa imefunikwa kwa negativu (picha angavu ambayo nyeupe huonekana nyeusi na nyeusi huonekana nyeupe) na kioo. Baada ya hapo huoshwa kwa maji matupu, na bluu hujitokeza mbele ya macho yako.

Ugumu ni kwamba negativu hugusana na karatasi moja kwa moja, kwa hiyo picha haiwezi kuwa kubwa kuliko negativu yenyewe. Fremu ya filamu ya kawaida ina milimita 24 kwa 36, na picha ya kiasi hicho ni ndogo mno kutundikwa ukutani. Kwa sababu hiyo huichukua picha yangu ya kidijitali, nikaigeuza rangi kwenye kompyuta ili nyeupe iwe nyeusi na nyeusi iwe nyeupe, nikaichapa kwa printa kwenye karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, halafu kazi yote inayobaki naifanya kwa mikono.

Hivi karibuni nilipeleka picha sita kwenye maonyesho ya kazi za mikono nazo zikakataliwa, kwa maelezo kwamba ni kazi za kompyuta. Sikukasirika, ila maneno hayo yamenikaa moyoni. Je, nikiziita kazi za mkono nitakuwa nadanganya? Na je, ipo faida ya kweli katika kushika njia za zamani, au tunachokipenda ni harufu ya ukale tu?

Taa Nyekundu alijibu:

Ndugu Bluu ya Jua, pole kwa kukataliwa. Mimi nilijifunza katika chumba cha giza, yaani chumba cha kusafishia filamu na kuchapia picha, enzi ambazo kusafisha filamu ndiko kulikokuwa kupiga picha kwenyewe, na leo kazi zangu nyingi ni za kidijitali, kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona pande zote mbili.

Watu wengi hudhani kwamba katika filamu picha ilikuwa ikitoka kama ilivyopigwa, bila kuguswa, na kwamba udanganyifu uliletwa na kompyuta. Sivyo hata kidogo. Nilipokuwa nachapa picha ya mtu aliyesimama mlangoni, uso wake ukiwa kivulini na ukuta wa nyuma ukiwa juani, niliwasha taa ya mashine ya kukuzia picha kwa sekunde kumi na mbili, na katika nne kati ya hizo nilikizungusha kijiti chenye kipande cha kadibodi juu ya uso, bila kukisimamisha hata kidogo, ili uso usipate mwanga mwingi ukawa mweusi kwenye karatasi, na ukingo wa kivuli cha kadibodi usionekane. Kisha nilikunja viganja nikaacha tundu dogo katikati, nikauongezea ukuta sekunde sita zaidi. Nilirudia karatasi tano au sita mpaka nikaridhika. Fungua leo programu ya Photoshop utazame alama za zana za kung'arisha na kutia giza: moja ni kile kijiti chenye kiduara, nyingine ni kiganja kilichokunjwa. Waliotengeneza programu ile walikiingiza chumba cha giza ndani ya kompyuta, na mtu aliyewahi kukizungusha kijiti chenyewe hujua kwa nini alama ile iko pale.

Faida ya njia ya zamani, kwa jinsi ninavyoiona, si ubora wa picha. Ni kwamba kila kosa lina gharama, kwa hiyo jicho hujifunza kutulia. Anayejua kwamba filamu ina fremu 36 na haionyeshi chochote mpaka isafishwe hutazama mwanga kwanza, akapima, akasubiri, ndipo akabonyeza. Mazoea hayo hayapotei ukirudi kwenye kamera ya kidijitali. Lakini nawe ukumbuke tofauti moja ya kiufundi, kwa sababu imewaponza wengi waliohama: filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, ilhali katika kamera ya kidijitali sehemu iliyozidiwa na mwanga ikishakuwa nyeupe tupu haina kitu cha kurudisha. Aliyezoea kuzidisha mwanga kidogo kwenye filamu ili kuwa salama hana budi kuiacha desturi hiyo.

Kuhusu uhifadhi, sina upande. Diski yangu moja iliharibika ikaondoka na kazi ya miaka miwili, na negativu za miaka hiyo hiyo nilizozisahau ndani ya boksi ziko salama hadi leo. Hata hivyo boksi jingine liliingia unyevu, nikakuta ukungu umekula filamu nzima, na filamu haina nakala ya pili.

Mshindio alijibu:

Naomba nichangie kutoka kwenye ufumaji, ambako mjadala huu una umri mrefu. Mtambo wa kufumia wa Jacquard wa mwaka 1804 uliongozwa na kadi zenye matundu: mahali penye tundu uzi wa mtande, yaani uzi wa urefu, uliinuliwa, pasipo na tundu ukabaki chini, na mshindio, yaani uzi wa upana, ukapita katikati. Miongo michache baadaye Charles Babbage aliazima wazo la kadi hizo kwa ajili ya mashine yake ya kukokotoa. Kwa hiyo sisi wafumaji tunaposikia kwamba kompyuta imeingilia kazi ya mikono, hukumbuka kwamba mojawapo ya mizizi ya kompyuta ilichipuka kwenye mtambo wa kufumia.

Mimi huchora ruwaza zangu kwenye kompyuta, kwa sababu nikitaka kujua ua litakavyoonekana likirudiwa mara arobaini naliona papo hapo, badala ya kupaka rangi vyumba vya karatasi ya mraba kwa siku mbili. Lakini kompyuta haijawahi kuniambia kwamba uzi huu wa pamba utalegea, au kwamba nyekundu hii ikikaa kando ya kijani ile nguo itaonekana kama ya kijivu kwa mbali. Hayo nimeyajua kwa kufuma, kufumua na kufuma tena.

Katika kazi yako, swali la kujiuliza ni hili: ni wapi ambapo matokeo yangeweza kuharibika, na ni nani aliyekuwa amesimama hapo? Kama ni wewe, kwenye brashi, kwenye jua na kwenye maji, basi mkono wako umo.

Patasi alijibu:

Nina heshima kwa waliotangulia, ila nitapingana nao kidogo. Mimi ni mchongaji wa mbao. Mashine inayoongozwa na kompyuta inaweza kuchonga nakshi yangu kwa saa mbili, nami kwa patasi huchukua wiki. Nikitazama kwa mbali sioni tofauti. Nikikaribia naiona, kwa maana mashine hupita kwenye kifundo cha mti kama inavyopita kwenye mbao laini, ikaacha kingo zilizochanika pale nyuzi zilipobadilisha mwelekeo, ilhali mkono huhisi patasi inagoma, ukaigeuza upande wa pili. Nimewahi kuliacha jani la nakshi bila kulimalizia kama lilivyochorwa, kwa sababu mti ulinipa mstari mzuri kuliko wangu.

Kwa hiyo sikubali kwamba kifaa hakina maana. Mnunuzi anapolipia kazi ya mkono analipia wiki ile na usikivu ule, na ana haki ya kujua. Waandaaji waliokukatalia walikosea kuziita picha zako kazi za kompyuta, lakini wewe nawe utakosea ukiandika «kazi ya mkono» bila neno la ziada. Andika kila hatua ilivyofanyika. Wachapaji wa nakshi za mbao na lino, yaani wanaochonga ubao au zulia la lino kisha wakachapa kwa wino, wana desturi nzuri ya kuandika kwa penseli chini ya picha nambari ya nakala na jumla ya nakala, kwa mfano 3/20. Nawe fanya hivyo, na ukishafikisha idadi uliyoandika usichape nyingine, hata kama faili bado unalo.

Bluu ya Jua aliandika tena:

Nawashukuru nyote kwa dhati, na hasa Ndugu Patasi, kwa sababu lile la faili kubaki hai baada ya nakala kuisha sikuwa nimelifikiria. Nimeandaa maelezo haya nitakayoyaambatanisha na kila picha: «Picha ilipigwa kwa kamera ya kidijitali. Negativu ilitengenezwa kwa kompyuta na kuchapwa kwa printa. Karatasi ilipakwa dawa, ikaangazwa juani na kuoshwa kwa mkono. Nakala 12 tu.»

Asubuhi hii nilichapa ya kwanza chini ya utaratibu huo. Brashi iliacha michirizi kwenye ukingo wa kushoto, na wingu lilipita katikati ya dakika ya tisa, nikalazimika kukadiria muda uliobaki kwa kutazama rangi ya karatasi ikigeuka kutoka kijani kuwa kijivu cha shaba. Ya pili niliichapa kwa negativu ile ile saa sita mchana, nayo ina bluu nzito zaidi na haina michirizi. Nimezilaza sambamba mezani zikauke, moja nimeiandika 1/12 na nyingine 2/12.

Taa Nyekundu alijibu:

Vizuri sana. Usizihukumu kabla ya kesho, kwa kuwa bluu huendelea kukolea kwa siku nzima baada ya kukauka. Na kagua karatasi unayotumia: ile iliyotiwa chokaa ili isigeuke manjano hufaa kwa picha nyingine, lakini huidhoofisha bluu hii kidogo kidogo.