Kukopi folda ya GB 180 kwa teminali huku umeme unakatika: nifanyeje?

Mpigapicha_Moro: Wakuu, habari za jioni. Natumia Ubuntu. Nina folda inaitwa Picha Harusi, GB 180, kazi za wateja za miaka mitatu, nataka nakala yake kwenye eksteno (diski ya nje). Nikiikokota kwa mausi inaganda. Nikajaribu teminali (dirisha la kuandika amri), kwa cp, amri ya kukopi:

`cp Picha Harusi /media/eksteno`

Inasema faili hakuna. Nikabadilisha jina la folda likawa PichaHarusi, sasa inadai sijaweka -r na inairuka folda nzima. Betri ya laptopu imekufa na umeme wa huku hauna uhakika. Nisaidieni, picha hizi zikipotea sina pa kuzipata tena.

Fundi_Kibodi: Mkuu, iliyokuponza ni nafasi. Teminali inasoma Picha kivyake na Harusi kivyake. Jina lenye nafasi lifungie kwenye alama za kunukuu. Na cp bila -r (kopi folda na vyote vilivyomo) haigusi folda. Kwa jina lako la zamani ingekuwa:

`cp -r "Picha Harusi" /media/eksteno/`

Ila nakala zitabeba tarehe ya leo.

Bibi_Seva: Kwa GB 180 na umeme wa kukatika, achana na cp. Ukikatika ukianza tena, inakopi yote upya. Tumia rsync, programu ya kukopi inayoruka faili zilizokwisha kukopiwa:

`rsync -rtvP PichaHarusi /media/eksteno/`

Hiyo t inatunza tarehe za picha. Umeme ukirudi, rudia amri ileile. Zilizokwisha inazipita, iliyokatikia njiani inaanza upya. Chunga mkwaju (alama ya /) mwishoni mwa jina: ukiandika `PichaHarusi/`, picha zitamwagwa eksteno bila folda yake. Nilishawahi kumwaga hivyo faili za ofisi nzima, nikashinda siku mbili nazitenganisha.

Kaka_Mtandao: Kabla ya yote piga `df -T`, inaonyesha kila diski imefomatiwa kwa mfumo gani. Eksteno ikionyesha vfat (mfumo wa FAT), video inayofika GB 4 haitaingia. Itabidi uifomati kuwa exFAT, na kufomati kunafuta kila kitu kilichomo.

Mpigapicha_Moro: Ni exFAT, nashukuru. Nimeanza saa mbili usiku, umeme umekatika mara mbili, nimerudia amri na imemaliza alfajiri. Je, nifute za kwenye laptopu?

Bibi_Seva: Usifute, mwanangu! Umeme ukikatika ghafla, faili inaweza kuonekana nzima kumbe ndani imeharibika. Hakiki kwanza:

`rsync -rtcnv PichaHarusi /media/eksteno/`

Hiyo c inalinganisha yaliyomo, na n ni ya kujaribu tu bila kukopi. Inasoma kila faili pande zote mbili, itachukua saa nyingi. Ikitaja jina la picha yoyote, hiyo haifanani. Rudia amri bila n, picha hiyo itakopiwa upya. Na hata zikifanana zote, tafuta eksteno ya pili kwanza.