Equifax 2017: kufungia ripoti kunatosha, au kuna milango mingine?

Kibatari:
Wakuu, salaam. Kila ikizuka habari ya data za mikopo kuvuja Marekani, mjadala unarudi kwenye udukuzi wa 2017 wa Equifax, kampuni ya Marekani inayokusanya taarifa za mikopo ya watu na kuziuza kwa wakopeshaji kama ripoti, na watu wanaitaja kwa hasira kana kwamba ni jana. Nina maswali mawili. Makampuni yamedukuliwa mengi, kabla na baada. Hii ilichoma watu kwa lipi hasa? La pili, mtu aliyekuwa na namba ya soshali (Social Security, namba ya utambulisho ya Marekani) kabla ya mwaka ule, kama ndugu zetu waliohamia kule miaka ya 2000, afanye nini leo? Kwenye magrupu ya WhatsApp kuna wanaosema lipia huduma ya kufuatilia ripoti, kuna wanaosema fungia ripoti kote, kuna wanaosambaza linki ya kudai fidia ya dola 125 kutoka Equifax. Naomba hatua, siyo porojo.

Fundi_Seva:
Mkuu, nianze na hasira. Waathirika hawakuwa wateja. Mtu hafungui akaunti Equifax ili wamtunzie taarifa. Benki, kampuni za kadi na wauza magari ndio wanaozipeleka huko, apende asipende. Benki ikikuudhi unahama. Hapa huna pa kuhamia. Halafu angalia kilichobebwa: majina, tarehe za kuzaliwa, anwani na namba za soshali za watu takriban milioni 147. Tangazo la kwanza lilisema milioni 143, idadi ikapandishwa mara mbili. Namba za kadi zilikuwa 209,000 hivi, na hizo ndizo zenye nafuu, maana kadi inabadilishwa ndani ya wiki. Tarehe ya kuzaliwa utaibadilishaje?

Chanzo chenyewe kilizidi kuwatia watu uchungu kwa sababu hakikuhitaji ujuzi mkubwa kukielewa. Apache Struts, programu ya kuendeshea tovuti, ilikuwa na tundu, na kiraka cha kuliziba kikatolewa 7 Machi 2017. Siku mbili baadaye barua pepe ikazunguka ndani ya kampuni: wekeni kiraka. Mfumo wa kupokea pingamizi za wananchi kuhusu ripoti zao haukuguswa, na ukaguzi uliofuata wa kutafuta seva zenye tundu haukuuona. Wezi wakaingia katikati ya Mei. Ndani wakakuta majina ya watumiaji na nywila yamehifadhiwa wazi bila kufichwa, wakapata njia ya kwenda hifadhidata nyingine 48 zisizohusiana na mfumo ule.

Wangeonekana mapema, ila kifaa cha kukagua mizigo inayotoka kwenye mtandao kilikuwa na cheti cha usalama kilichokwisha muda miezi 19 nyuma. Bila cheti, kifaa hakiwezi kufungua data iliyosimbwa, kwa hiyo kila kitu kilipita mbele yake kama gari lenye vioo vyeusi. Cheti kipya kilipowekwa 29 Julai, siku hiyohiyo wakaona data inachotwa. Umma ukaambiwa 7 Septemba. Siku 40.

Kaskazi_47:
Na hizo siku 40 wangezitumia kuandaa mapokezi, lakini wapi. Naona watu wanasahau kwamba hasira iliongezwa na yaliyofuata tangazo kuliko udukuzi wenyewe.

Walifungua tovuti mpya kabisa, nje ya anwani yao ya kawaida: equifaxsecurity2017.com. Jina la namna hiyo ndilo tapeli yeyote angelichagua. Ukifika unaambiwa uandike jina la ukoo na tarakimu sita za mwisho za namba ya soshali, yaani uwape tena walewale waliopoteza. Watu wakajaribu majina ya kubuni na namba 123456, nayo ikajibu kwamba huenda taarifa zako zimeguswa. Mtaalamu mmoja akasajili jina lilelile kwa kugeuza maneno, securityequifax2017.com, aonyeshe jinsi ilivyo rahisi kuwaiga. Akaunti rasmi ya kampuni kwenye Twitter ikawaelekeza watu huko kwenye ya kuigiza, tena zaidi ya mara moja.

Kituko cha PIN sasa. Aliyefungia ripoti yake alipewa tarakimu kumi za kuifungulia. Zikaja kugundulika: ni mwezi, siku, mwaka, saa na dakika ya kufungia. Aliyefanya hivyo 8 Septemba saa nane na robo mchana kapata 0908171415. Mwizi anayejua wiki ya tangazo hana cha kukisia zaidi ya siku, saa na dakika. Baadaye walibadilisha, lakini ndiyo siku watu walikata tamaa kabisa.

Ongeza masharti ya huduma ya bure ya ufuatiliaji, yaliyosomeka kama kwamba ukijiunga unaacha haki ya kwenda mahakamani. Makelele yalipozidi wakayaondoa. Mkurugenzi mtendaji, Richard Smith, akang'atuka 26 Septemba.

Kwa kulinganisha tu: sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya 2019 inaipa kampuni inayotunza data saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data ikivuja. Utekelezaji ni mjadala mwingine.

Shangazi_Hesabu:
Nije kwenye swali la pili, maana historia mmeimaliza.

Kibatari mwanangu, ufuatiliaji na kufungia ni vitu viwili tofauti. Ufuatiliaji ni jirani anayekupigia simu kwamba mwizi ameshatoka na TV. Kufungia ni komeo: mkopeshaji mpya akiomba ripoti ananyimwa, na mkopeshaji asiyeona ripoti kwa kawaida hakopeshi. Usilipie la kwanza kabla hujafanya la pili, na la pili ni bure kwa sheria ya nchi nzima tangu 21 Septemba 2018. Kabla ya hapo majimbo mengi yaliruhusu watoze, kwa kawaida dola 3 hadi 10 kwa kila kampuni, na hilo nalo lilikuwa sehemu ya manung'uniko: wamepoteza wao, unalipa wewe.

Kampuni kubwa ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Kila moja unaifungia peke yake, hazipashani. Wengi hufungia Equifax kwa sababu ndiyo iliyovuja, kisha wanalala. Namba iliyoibwa Equifax inaombea mkopo popote, na mkopeshaji anayetumia TransUnion hatagonga mlango wa Equifax. Kinachopashana ni tahadhari ya ulaghai: ukiiweka kwa moja, inalazimika kuwaambia wenzake wawili, inadumu mwaka mmoja, na inamtaka mkopeshaji ahakikishe ni wewe. Lakini haimfungii mlango.

Andika anwani ya tovuti kwa mkono, usibofye tangazo lililoko juu ya matokeo ya utafutaji. Uwe na namba ya soshali, tarehe ya kuzaliwa, anwani za miaka miwili iliyopita, na barua pepe utakayobaki nayo, siyo ya kazini. Utakutana kwanza na vifurushi vya kulipia na kitu kinachoitwa "lock". Pita. Hicho ni mkataba wako na kampuni kwa masharti yao. Unachotafuta ni "security freeze", ambayo ni haki ya kisheria. Ukiomba kwa mtandao au simu, lazima wafunge ndani ya siku moja ya kazi, na ukitaka kufungua ni ndani ya saa moja. Kwa posta ni siku tatu za kazi tangu wapokee.

Siku ukihitaji mkopo, muulize afisa: mnatazama ripoti ya kampuni gani? Fungua hiyo tu, kwa muda wenye tarehe ya kujifunga tena. Muuza magari hutuma ombi kwa wakopeshaji kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo mpe siku nne tano. Mkopo wa nyumba mara nyingi hutazama zote tatu. Alama zako hazishuki kwa kufungia, na wanaokudai tayari wanaendelea kuona ripoti.

Sasa milango mingine, maana uliuliza. Kuna wanaofungua akaunti ya benki kwa jina lako. Benki nyingi hutazama ChexSystems, hifadhi ya historia za akaunti za benki, nako kunafungiwa. Kampuni za simu na umeme zina hifadhi yao, NCTUE, fungia. Innovis ni ya nne kwa mikopo, ndogo, ila dakika kumi hazikuui. Kisha kodi. Mwenye jina na namba yako anaweza kujaza fomu ya kodi mapema na kuchukua pesa ya kodi unayorudishiwa, na kufungia ripoti hakumgusi. Dawa yake ni IP PIN ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), namba ya siri ya tarakimu sita, mpya kila mwaka, inapatikana kwa yeyote anayeweza kuthibitisha utambulisho wake, hata mwenye ITIN (namba ya kodi ya asiye na soshali). Ukijaza kwa mtandao bila hiyo namba, fomu inarudishwa. Usimtumie mtu zaidi ya anayekujazia kodi.

Kibatari:
Shukrani sana shangazi. Bado kuna kikwazo: watu wengi wanasema wakijaribu kwa mtandao wanaambiwa utambulisho haukuthibitika. Na watoto je?

Shangazi_Hesabu:
Kwetu sababu kubwa ni majina. Mtu ana majina matatu, la baba likaingizwa kama la katikati huku na kama la ukoo kule. Mohamed akaandikwa Mohammed benki na Mohamed kwenye kadi ya soshali. Mfumo unaona watu wawili, au faili lako limegawanyika mara mbili. Kwanza chukua ripoti zote tatu annualcreditreport.com, bure kila wiki, usome jina na anwani zilivyoandikwa, kisha jaza vilevile hata kama zimekosewa. Masahihisho yaombwe baadaye. Mtu mgeni mwenye mkopo mmoja tu hukwama kwenye maswali ya uthibitisho kwa kuwa hakuna cha kumuuliza. Huyo atume kwa posta: nakala ya kitambulisho, uthibitisho wa namba ya soshali, na bili yenye anwani ya sasa. Anwani ya kitambulisho na ya bili zikitofautiana, ombi linaweza kukwama.

Mtoto chini ya miaka 16 kwa kawaida hana faili, ila sheria ya 2018 inawalazimu waitengeneze na kuifunga mzazi akiomba. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya soshali ya mtoto, kitambulisho cha mzazi, mara tatu kwa kampuni tatu. Kwa cheti kilichoandikwa Kiswahili weka na tafsiri.

Fundi_Seva:
Nilitaka kurudi kwenye dola 125. Makubaliano ya fidia ya Equifax na serikali, ya 22 Julai 2019, yalikuwa ya kuanzia dola milioni 575, yangeweza kufika milioni 700. Wengi walisoma vichwa vya habari vikisema kila mtu anapata 125. Lakini fungu la fedha taslimu badala ya ufuatiliaji lilikuwa na kikomo cha milioni 31. Gawa: watu 248,000 tu, kati ya milioni 147. Maombi yakamiminika, na ndani ya siku chache FTC yenyewe (tume ya Marekani ya kulinda walaji) ikawa inawashauri watu wachague ufuatiliaji kwa kuwa pesa itakuwa kiduchu. Ndiyo duru ya mwisho ya hasira.

Mwisho wa kuomba hiyo 125 ulikuwa 22 Januari 2020. Madai ya hasara za baadaye yaliendelea hadi 22 Januari 2024, nayo yamefungwa. Kwa hiyo linki inayozunguka kwenye grupu lenu inatafuta tarakimu zilezile, safari hii kutoka mkononi mwako mwenyewe. Aliyeijaza tayari aanze na kufungia zote tatu leo, IP PIN kesho, kisha aripoti identitytheft.gov, tovuti ya serikali ya wizi wa utambulisho. Ripoti ile ndiyo atakayoonyesha akiomba tahadhari ndefu ya miaka saba.