Jigisoo inanipindishia bledi kwenye fisha bodi, naombeni ushauri

ChipukiziMakorora:
Wakuu habari za jioni. Mie niko Makorora hapa Tanga, useremala nimefundishwa na mjomba lakini mambo yake yote ni ya mkono, msumeno, patasi na randa, mashine za umeme hakuwa nazo. Sasa nimepata kazi ya fisha bodi za nakshi, zile mbao za ukingo wa paa, kwenye nyumba moja Pongwe, mwenyewe anataka yale mawimbi kama ya nyumba za zamani za pwani, mbao ni paini ya Lushoto inchi moja kwa nane, jumla kama mita 40. Nikaona kwa mkono sitamaliza, nikanunua jigisoo ya mtumba, ule msumeno mdogo wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, inawaka vizuri tu.

Shida ni kwamba nikifuata mstari juu panatoka sawa ila nikigeuza mbao, chini wimbi limekwenda kwingine kabisa, limeingia ndani karibu sentimita moja. Na huku juu nyuzi zinachanika. Bledi moja imevunjika, nyingine imegeuka rangi ikawa bluu. Halafu jana nimepata hofu kwelikweli, nilitaka kuitoa katikati ya mkato nikainyanyua kabla haijasimama, ikaruka juu ya mbao ikanikosa dole gumba padogo sana. Toka hapo nikiishika mkono unatetemeka. Naombeni mnielekeze toka mwanzo kabisa.

FundiKisosora:
Pole sana mdogo wangu, na umefanya la maana kusimama ukauliza. Hiyo bledi imeandikwa nini kwenye shina, pale inaposhikwa na mashine? Meno makubwa au madogo?

ChipukiziMakorora:
Madogo sana kaka kama ya msumeno wa chuma, imeandikwa T118A. Nilizikuta mbili ndani ya boksi la mashine.

FundiKisosora:
Basi mchawi ni huyo. T118A ni ya bati na chuma chembamba. Meno yake hayana nafasi ya kutoa unga wa mbao nene, unga unajaa, bledi inapata moto ndo ule ubluu, mkato unakuwa mzito na wewe unaanza kusukuma, ukisukuma bledi inapinda kule chini ambako hakuna kinachoishika. Juu unaona uko kwenye mstari kumbe chini iko safarini. Tafuta T244D, hiyo ni nyembamba kwa upana na meno makubwa, imetengenezwa kwa kona za mbao nene. T144D ni ya kukata moja kwa moja, ukiilazimisha kwenye kona itabana. Ila angalia shina kwanza, kama mashine yako inashika zile zenye masikio mawili kama herufi T, za shina la U hazitakaa.

Ukishaipata chomoa plagi kwanza, CHOMOA, usitegemee swichi. Meno yatazame mbele na juu, ukiiweka ivute kwa mkono uhakikishe imeng'ata. Ile roda ndogo ya nyuma lazima iguse mgongo wa bledi, ikiwa mbali bledi inayumba. Sahani ya chini, ile inayolala juu ya ubao, ipime na skwea (kipimo cha pembe mraba), mashine za mtumba nyingi unakuta mtu aliilaza akakata pembe hakuirudisha. Na kile kiswichi cha pembeni chenye 0 mpaka 3, kwa mawimbi weka 0 au 1, hiyo 3 inarusha bledi mbele nyuma, ni ya kupasua haraka mstari ulionyooka.

DadaWaNakshi:
Mie nachonga huku Bagamoyo, naongezea hapo kwenye kuchanika. Bledi hizi zinakata zikipanda, kwa hiyo upande wa juu ndo unaoumia. Chora kwa nyuma ya ubao, uso wa kuonekana ulale chini. Kama lazima ukate usoni bandika tepu ya karatasi juu ya mstari, inasaidia sana hasa kwenye plaiwudi. Na zile kona za kubana usizilazimishe, chanja kwanza vimkato kutoka ukingoni mpaka karibu na mstari, vipande vitaanguka vyenyewe na bledi itapata pa kugeukia. Mie nilivunja bledi nyingi kabla sijaelekezwa hilo.

MzeeKarakana:
Mwanangu kuhusu hilo la dole gumba nisikilize vizuri. Sahani ilale juu ya ubao kabla hujawasha, bledi isiguse mbao, washa, iache ifike spidi ndo uingie. Ukitaka kutoka achia swichi, mashine ibaki palepale imelala mpaka bledi isimame kabisa, ndipo unyanyue. Ikinasa chomoa plagi kwanza halafu uitoe taratibu. Ubao ubane kwa klampu mbili, usikanyage kwa goti. Mkono wa pili usipite chini ya ubao hata siku moja, bledi inatokeza kule na huioni. Waya upite nyuma yako.

KijanaWaNgamiani:
Vaa na glavu basi mkuu

MzeeKarakana:
Hapana, glavu nene zinakuondolea hisia na ikiwa inapwaya inaweza kunaswa. Miwani ndiyo, barakoa ya vumbi ndiyo, masikio pia uyazibe kama unakata kutwa. Na ekstensheni ya kuzungusha ifungue yote, ikibaki imejiviringa inapata moto.

ChipukiziMakorora:
Nimerudi wakuu. T244D nimeipata duka la vifaa Ngamiani, sahani kweli ilikuwa imelala kidogo nimeinyoosha na skwea. Nimejaribu kwenye kipande, juu na chini tofauti haifiki milimita mbili, na sikusukuma kabisa inakwenda yenyewe. Mkono umetulia. Sasa kuna maua ya kutoboa katikati ya bodi, hapo naingiaje?

FundiKisosora:
Toboa na drili ndani ya sehemu inayotupwa, tundu la milimita 10 linatosha, pitisha bledi mashine ikiwa imezimwa, laza sahani ndo uwashe. Usije ukaichomeka kwa kuinamisha mashine, bado wewe ni mgeni na hiyo.

DadaWaNakshi:
Na tengeneza pateni moja (umbo la kuchorea) ya plaiwudi uisafishe na tupa vizuri, uchoree bodi zote kwa hiyo hiyo, la sivyo mawimbi hayatakutana kwenye maungio.

ChipukiziMakorora:
Asante dada, pateni naianza usiku huu.

MzeeKarakana:
Usiku taa iwe ya kutosha mwanangu, ubao wenye kivuli usiukate.