Naomba ushauri: ruta 1941 au swichi 3560 kwa maabara ya CCNA?

Habari zenu wakuu. Naandaa maabara ya nyumbani ya CCNA 200-301 (mtihani wa Cisco wa mitandao ya kompyuta). Nina swichi 2 za mtumba, Cisco 2960, na kebo ya konsoli. VLAN (kugawa swichi katika mitandao midogo) na trunk (kiungo kinachobeba VLAN kadhaa) zimekubali. Hata ile taa ya poti inayobaki rangi ya chungwa sekunde 30 hivi, STP (itifaki ya kuzuia data isizunguke bila mwisho) ikijipanga, naiona kwa macho, raha kuliko ile nukta ya chungwa ya Packet Tracer (programu ya kuiga mtandao).

Swichi moja inakataa amri ya "crypto key generate rsa". Nimeangalia "show version": jina la faili la IOS (mfumo endeshi wa swichi) halina "k9" (alama ya usimbaji fiche), kwa hiyo SSH, njia salama ya kuingia kwenye kifaa kwa mbali, haipo.

Bajeti inaruhusu kifaa kimoja tu. 3560 inapitisha data kati ya VLAN kwa kasi, lakini haifanyi NAT (kubadilisha anwani za IP za ndani kuwa za nje), na NAT imo kwenye mtihani. Je, 1941 moja inatosha? Na hiyo swichi isiyo na k9, niiache ibaki na Telnet tu (njia ya kuingia kwa mbali bila usimbaji)?