Msitu wa Rusutsu mwishoni mwa Januari: skii zipi, tuanzie wapi?

Pandashuka

Wakuu habari zenu. Tutakuwa Rusutsu, kituo cha kuteleza thelujini kwa skii huko Hokkaido, Japani, wiki ya mwisho ya Januari, watu wawili. Kwenye njia zilizosawazishwa tunashuka bila shida, hata zile nyeusi, yaani ngumu kabisa, ila msituni hatujawahi kuingia. Naomba kujua: skii za upana wa milimita 84 zinatosha au tukodi nyingine? Tuanzie mlima upi? Bikoni, kile kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa na theluji, ni ya lazima hata tukibaki ndani ya mipaka ya kituo? Na kwa nini wajuzi wanasifia Rusutsu kwa miti wakati kituo jirani cha Niseko ndicho chenye jina?

Mzee wa Lifti

Karibu mkuu. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalobeba mengine.

Theluji ya sehemu zote mbili inatoka kulekule: hewa baridi ya Siberia inavuka Bahari ya Japani, inanyonya unyevu, ikikutana na milima ya Hokkaido inaushusha. Kinachotofautiana ni upepo. Niseko iko kwenye mlima Annupuri, mita 1,308, na juu kule ni kweupe, hakuna miti. Upepo ukikaza, lifti za juu zinasimama, na milango ya kutokea nje ya mipaka inafungwa. Rusutsu ni fupi, kilele cha Isola ni mita 994 tu, na miti imepanda karibu hadi juu. Siku ya dhoruba, kwenye njia pana hutofautishi ardhi na mawingu, lakini ukiingia msituni mashina yanakuonyesha mteremko umeelekea wapi. Ndiyo maana siku inayowaharibia wa Niseko huwa njema Rusutsu.

Milima ni mitatu: West uko ng'ambo ya barabara, kisha East na Isola. Mpande Isola. Kule kuna vipande vyembamba vya msitu katikati ya njia mbili zilizosawazishwa, kwa hiyo ukitoka kushoto au kulia unaangukia njia. Chagueni kipande ambacho mkisimama mlangoni mnaona weupe wa njia ya pili kupitia miti. Kama hamuuoni, msiingie kwanza. Penye kamba hapapitwi, hata mkiona alama za skii za wengine zimepita chini yake. Watu wa doria hawabembelezi, tiketi inachukuliwa.

Kosa kubwa la wageni si kugonga mti, ni kushuka mno. Theluji ya chini ni tamu, mtu anazidi kwenda, ghafla mteremko umeisha na yuko kwenye bonde tambarare, theluji laini kama unga inafika kiunoni, skii haziendi. Kutoka hapo ni kutembea, na kila hatua unazama. Kateni kuelekea njiani mapema, mkiwa bado na kimo cha kutelezea.

Wakati mliochagua uko sawa. Mapema Desemba mianzi mifupi inayoota chini ya miti inakuwa bado imechomoza na vijito havijafunikwa. Skii inanasa, wewe unaendelea. Mwishoni mwa Januari kwa kawaida vyote viko chini ya theluji.

BaridiYabisi

Mimi nitajibu la skii tu.

84 itakutesa. Si kwamba haiwezekani, ila itazama, utaegemea nyuma kuinyanyua pua, mapaja yataungua kabla ya saa sita mchana, na ukiegemea nyuma huwezi kugeuka pale mti unapotaka ugeuke. Kodini za milimita 105 hadi 112 chini ya buti, zenye pua iliyoanza kupinda mapema, urefu karibu na kimo chako. Wapo wanaosema 120. Kwa anayeanza sikubaliani nao: kurudi kwenye lifti unapita njia ngumu, na ubao mpana hivyo ni mzito kuuinamisha.

Fimbo nazo ziwe na visahani vipana, sentimita 9 au 10. Vile vidogo vya njia ngumu vinapita kama sindano, ukianguka huna cha kusukumia. Ukianguka, laza fimbo mbili juu ya theluji zikiwa zimepishana kama X, sukuma katikati.

Baindingi, vile vifungo vinavyoshika buti kwenye skii, usizikaze zaidi ya kipimo cha uzito wako na kiwango chako kwa kuogopa skii kuchomoka. Afadhali ichomoke kuliko goti. Badala yake funga utepe wa rangi kali, mita moja na nusu hivi, kwenye baindingi, na mwingine uuingize ndani ya suruali juu ya buti. Skii ikipotea, wengi wanaitafuta chini waliposimama wakati yenyewe imebaki juu, karibu na pale ilipochomoka. Panda kidogo, chukua skii iliyobaki, kata theluji kwa mkia wake, mistari ya kukingama mteremko, kila sentimita 20, mpaka igonge. Kabla ya kuvaa tena kanyaga jukwaa dogo na kwangua barafu chini ya buti. Mara nyingi baindingi "isiyoshika" ni kipande cha barafu tu chini ya kisigino.

Miwani: chukueni lenzi ya mwanga hafifu, inayopitisha asilimia 40 hadi 60. Na msiipandishe kwenye paji la uso mkiwa kwenye lifti. Joto la kichwa linaijaza mvuke, mvuke unaganda, siku imeisha.

Kaskazini Kweli

Kuhusu bikoni: nje ya mipaka, bikoni, fimbo ya kuchunguzia na beleshi ni lazima kwa kila mtu, na mwongozaji juu yake. Ndani ya mipaka ningevaa pia, ila isikupe kiburi. Hatari ya kwanza msituni ni shimo linalozunguka shina. Matawi ya mti yanazuia theluji isigandamane chini yake, panabaki uwazi uliofunikwa kiulaini. Mibetula, miti inayopukutisha majani, ikiwa mitupu ina mashimo madogo. Misonobari ya matawi yanayogusa chini ndiyo ya kukaa nayo mbali. Mtu anaingia kichwa chini, unga unamziba, na akipigapiga matawi yanammwagia mwingine. Kinachoua ni kukosa hewa, na ni suala la dakika.

Toeni mikono kwenye mikanda ya fimbo kabla ya kuingia. Mkanda ukinasa tawini unavuta bega, na shimoni unakufunga mikono.

Pandashuka

Asante sana wakuu, hiyo ya mikanda hatukuijua. Sasa tukiwa wawili tu, mmoja akitumbukia, yule mwingine afanye nini hasa?

Kaskazini Kweli

Kwanza awe karibu kiasi cha kufika. Mwenzako akiwa mita 100 chini yako hakusaidii, kukupandia kwenye unga huo ni zaidi ya muda ulio nao. Shukeni kwa zamu fupi, miti kumi au kumi na mitano, mmoja anasimama anaita, mwingine anakuja. Kila mmoja awe na filimbi shingoni, si ndani ya begi.

Anayeanguka: shika shina au tawi, jitahidi miguu ikae chini. Ukiwa tayari kichwa chini, acha kupigana, tengeneza nafasi ya hewa mbele ya uso kwa mkono, subiri.

Anayeokoa: usimvute kwa miguu kutoka juu, utamporomoshea theluji usoni. Kadiria kichwa kiko wapi, chimba kutoka ubavuni kukiendea, safisha mdomo na pua kwanza. Mengine baadaye. Piga simu kwa doria ya kituo, namba mmeihifadhi asubuhi. 119 ni ya zimamoto na gari la wagonjwa nchini kote.

Na kwa kuwa simu itakuwa mwilini: ikae angalau sentimita 20 kutoka kwenye bikoni inayotuma, na sentimita 50 bikoni ikiwa inatafuta. Hata glavu za umeme zinaivuruga.