Baleti daraja la kati chuoni: kwenye reli niko sawa, katikati ya ukumbi napotea. Nishuke?

VisiginoJuu:
Wadau, habari zenu. Naombeni ushauri kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa ndiyo mwisho wa kubadilisha kozi.

Nilicheza baleti toka nina miaka 7 mpaka 14, nikaacha. Sasa niko mwaka wa pili chuoni, nasoma kemia, nikabakiwa na nafasi ya kozi moja ya hiari. Nikaona baleti daraja la kati, mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila kipindi. Nikajiambia miaka saba si haba. Hii ni wiki ya pili, na nimeaibika vya kutosha. (Majina ya hatua nayaandika ninavyoyasikia, msinicheke Kifaransa changu.)

Kwenye reli, ile fimbo ya ukutani ya kushikilia, sina shida. Plie (kukunja magoti), tandu (kutelezesha mguu sakafuni mpaka unyooke), degaje, rondejambu, fondu, yote mwili unayakumbuka wenyewe, mguu unajua pa kwenda kabla yangu. Kwenye develope, kuinua mguu polepole na kuunyoosha hewani, paja linatetemeka, lakini hilo ni suala la nguvu, zitarudi. Kimbembe kinaanza tukiachia reli. Mwalimu anaonyesha zoezi mara moja tu, tena kwa mikono! Viganja vyake vinaigiza miguu, vinapiga hatua za kuruka za glisadi, jete, asemble hewani, anasema "na upande wa pili," piano hiyo inaanza. Upande wa kulia nawafuata wenzangu kwa jicho la pembeni. Upande wa kushoto sijui hata nianze na mguu upi. Jana akaongeza "sasa kinyume," yaani zoezi lilelile, kilichokwenda mbele kiende nyuma. Nilisimama kama nguzo mpaka muziki ukaisha.

Halafu kuna jambo jingine limenichanganya kabisa. Alisema tuelekee kona ya 2. Darasa zima likaelekea kulia, mimi peke yangu kushoto, nikajikuta natazamana ana kwa ana na dada mmoja mrefu aliyejitahidi sana asicheke. Ikaja arabeski ya tatu (kusimama mguu mmoja, mwingine umenyooshwa nyuma): nikanyoosha mikono yote miwili mbele kwa madaha, kumbe wenzangu mmoja mbele, mwingine pembeni. Naapa ndivyo nilivyofundishwa utotoni. Nimesahau, au nilifundishwa vibaya miaka yote ile? Nishuke daraja la mwanzo au nikomae?

KapuLaViatu:
Komaa. Mimi nilikuwa hivyohivyo mwaka jana.

Kwanza niambie, unasimama nyuma kabisa, sivyo? Wote tunakimbilia nyuma. Sasa mkigeuka, nyuma inakuwa mbele na huna wa kumwangalia. Simama safu ya pili, katikati. Pili, acha kutazama miguu ya wenzako. Hatua ukiiona imeshapita, kwa hiyo ukiwafuata kwa macho utakuwa nyuma ya muziki siku zote, hata ukiwa na miguu mizuri kuliko yao.

Na ile mikono ya mwalimu usiidharau. Inakuonyesha mguu upi unatangulia na upi unafunga mbele. Fanya na wewe, viganja hivyohivyo, huku unanong'ona majina kwa mdundo wa muziki. Mimi hunong'ona kama mwendawazimu na hakuna anayejali, kwa sababu kila mtu ana wazimu wake muda huo.

MwalimuMstaafu:
Mwanangu VisiginoJuu, waliokufundisha utotoni hawakukosea, na wewe hujasahau. Kwa maelezo yako naona ulilelewa kwa mfumo wa Cecchetti, na sasa umeangukia kwa mwalimu wa Vaganova.

Enrico Cecchetti, yule Mwitaliano aliyefariki 1928, alihesabu kona za ukumbi kwanza: 1 ni kona ya mbele kulia kwako, 2 mbele kushoto, 3 nyuma kushoto, 4 nyuma kulia. Kuta ndiyo zinafuata, 5 hadi 8, na ukuta wa mbele ni 5. Agrippina Vaganova wa Urusi yeye alichanganya kona na kuta katika mzunguko mmoja, kama mshale wa saa: mbele ni 1, kona ya mbele kulia ni 2, ukuta wa kulia 3, mpaka 8. Kwa hiyo 2 yako iko kushoto na 2 ya darasa lako iko kulia. Arabeski nazo vilevile. Cecchetti ana tano, na ya tatu ni hiyo yako ya mikono yote mbele. Vaganova ana nne, na ya tatu mkono mmoja uko mbele, mwingine pembeni. Chora mraba kwenye daftari, andika namba mpya, kariri kama unavyokariri jedwali lenu la elementi. Ni kazi ya jioni moja.

Hilo la kinyume ndilo gumu, na ndiyo sababu hasa ya daraja la kati kuwepo. Usianze na miruko. Chukua tandu: mbele, pembeni, nyuma, pembeni. Igeuze: nyuma, pembeni, mbele, pembeni. Ukiweza bila kufikiri, ongeza kitu kimoja. Na nyumbani anza kila zoezi kwa kushoto. Darasani karibu kila kitu huanzia kulia, kwa hiyo kushoto hufika akili imeshachoka.

Onyo moja, na hapa sitanii. Baada ya miaka ya kukaa, nyonga zimekaza, na mtu akiona wenzake wamefunga nafasi ya tano (nyayo zimepishana, kisigino cha mguu mmoja kwenye vidole vya mwingine) barabara, naye anataka. Anakunja magoti, anazungusha nyayo mpaka zinaingia, halafu ananyoosha. Kwenye kioo inapendeza, lakini msokoto wote umebebwa na goti, ambalo halikuumbwa kwa kazi hiyo. Mzunguko utoke kwenye nyonga. Kama nyonga leo inakupa nusu, simama na nusu yako.

Mchelewaji:
Kwa heshima zote mzee wangu, mimi nasema ashuke, au angalau afikirie.

Mimi ni mwanaume, nilirudi baada ya mapumziko ya miaka mitano, nikang'ang'ania daraja la kati kwa sababu ya kiburi tu. Wiki ya nne, katikati ya alegro ya haraka (mazoezi ya miruko ya kasi), nimeshachelewa hatua moja, nikawa naikimbilia, nikatua vibaya na kifundo cha mguu kikateguka. Muda wote uliobaki wa mhula nilikaa kando ya piano na daftari, naandika marekebisho ya watu wengine. (Niseme ukweli, nilijifunza mengi pale. Lakini sikupendekezei.)

Dada, swali langu ni moja tu. Ukitua kutoka kwenye mruko, visigino vyako vinafika sakafuni, au unaruka tena vikiwa bado hewani? Namba za kona utazikariri. Ila kama kasi ya darasa inakunyima kumalizia plie, shuka.

VisiginoJuu:
Nimerudi. Asanteni nyote, na shikamoo Mwalimu, umenifanya nilale usingizi.

Leo nilimfuata mwalimu kabla ya kipindi. Nikamwambia kwetu mbele ilikuwa 5. Akacheka, akasema alishaona ile arabeski yangu na alikuwa anasubiri nimuulize mwenyewe. Amenibakiza. Ila amesema niwe naingia pia kipindi kimoja cha daraja la mwanzo kila wiki, bila alama, kwa ajili ya miruko tu. Kapu, nilisimama safu ya pili na nilinong'ona. Dada mrefu naye kumbe hunong'ona, na anakosea kushoto kama mimi!

Mchelewaji, swali lako lilinikera kwa sababu sikuwa na jibu. Nimejichunguza kwenye kioo wakati wa alegro. Kisigino cha kulia kinagusa. Cha kushoto hakigusi, hata kidogo. Ijumaa nabaki, lakini Jumatatu naenda kuruka na wa daraja la mwanzo.