Kutofautisha kwasa pacha na nyota jirani

Swali: Katika data za Gaia (chombo cha angani kilichopima mahali na mwendo wa nyota) nimepata nukta mbili za buluu zilizoachana kwa sekunde 2 za tao (pembe ndogo mno angani). Nitajuaje kwamba ni kwasa moja (kiini chenye mwanga mkali mno cha galaksi ya mbali) ambayo taswira yake imegawanywa na mvutano wa galaksi iliyo mbele yake, wala si nyota mbili?

Jibu la kwanza: Anza na paralaksi (kuhama kidogo kwa nyota angani Dunia inapozunguka Jua) na mwendo angani, kwa kuwa kwasa iko mbali mno kuvionyesha, ilhali nyota nyingi hujifichua hapo hapo.

Jibu la pili: Rangi kufanana hakutoshi (zimenihadaa mara nyingi). Spektra (mwanga uliotawanywa katika rangi zake) za nukta zote mbili ndizo zinazoamua, kama ilivyokuwa mwaka 1979 kwa kwasa pacha Q0957+561, ambako taswira moja hubadilika mwanga siku 417 hivi baada ya nyingine.

Muulizaji: Nashukuru. Nukta moja ina mwendo dhahiri, hivyo naiondoa jozi hii.